Orodha ya Mwaka Ipitie Pia Barabara ya Malaba

Mhariri,

Kila Desemba magazeti yetu hutoa kurasa za vilivyopendwa mwaka mzima: nyimbo, filamu, gemu na, nafasi ikibaki, kitabu kimoja. Nimezisoma kurasa hizo kwa miaka mingi, mara nyingi nikiwa nimezitandaza juu ya usukani nikingoja zamu yangu kwenye mizani ya malori ya Gilgil. Nazipenda, na huwa nabishana nazo kwa sauti mpaka turniboi wangu, msaidizi wangu wa lori, anacheka. Mwaka huu wa 2025 ukiwa unaelekea kuisha, naomba nafasi nibishane nazo kwa maandishi. Wanaotunga orodha hizo huuliza nini kimetoka mwaka huu. Mimi naona swali lingekuwa: ni kitu gani watu walikirudia? Majibu ya maswali hayo mawili hayafanani hata kidogo, angalau kwa sisi tunaoishi na kufanya kazi kati ya Nakuru na mpaka wa Uganda.

Mimi ni dereva wa trela. Nyumbani ni Kaptembwo, Nakuru. Kazi ni barabara ya kwenda Malaba, na mzigo ukiwa wa Kisumu tunakata kushoto pale Mau Summit tukashike njia ya Kericho. Kwa hiyo ninaposema juu ya muziki, nasema kama mtu ambaye redio ni mwenzake wa kazi kuanzia alfajiri.

Na redio ya barabara hii haiko moja. Nikitoka Nakuru kuna Inooro na Kameme za Kikuyu, na Radio Citizen au Radio Maisha kwa anayetaka Kiswahili. Nikianza kuupanda mlima wa Timboroa, pale baridi inapopenya hata vioo vikiwa vimefungwa, ninaowasikia vizuri ni Kass na Chamgei za Kikalenjin, na nitakuwa nao mpaka niipite Eldoret. Nikiteremka Turbo kuelekea Webuye, Mulembe na Sulwe za Kiluhya ndio wenye hewa. Upande wa Kisumu, nikishamaliza majani chai ya Kericho na kuingia joto la Awasi, ni Ramogi ya Kijaluo mpaka nishushe mzigo. Lugha zote hizo sizijui. Nina Kiluhya cha mama, nina Kiswahili, nina Kikuyu cha sokoni. Lakini wimbo nisioelewa maneno yake naukumbuka kwa gita, na nikiusikia tena juma linalofuata, kisha na lingine, najua kwamba huo umeshika. Sasa, Mhariri, nyimbo kumi zilizochaguliwa na watu wawili au watatu jijini ndizo zinazosemea barabara hii yote, na katika hizo kumi sijawahi kuona hata moja ya Kikalenjin.

Wimbo wangu wa mwaka 2025 umetoka kwenye santuri ya Harry Belafonte ya mwaka 1956. Ni ule wa kuiaga Jamaika, ambao marehemu Raila Odinga alipenda kuuimba hadharani. Jumatano ya Oktoba 15, habari za kifo chake huko India zilipotangazwa, mimi nilikuwa kwenye foleni ya mizani ya Webuye. Injini zilizimwa moja baada ya nyingine ili watu wasikie redio. Kisha kituo kimoja kikauweka wimbo ule, na kabla haujaisha kingine nacho kikauweka, hivyo ukawa unafika kwangu kutoka kabini mbili zisizolingana. Dereva mmoja wa Eldoret, mtu ambaye tumebishana naye siasa tangu tufahamiane na ambaye hakuwahi kumpigia Raila kura, alikuja akasimama kwenye mlango wangu akasema, "Mzee, tafadhali usibadilishe." Hadi mazishi ya Bondo Oktoba 19, wimbo huo niliusikia kila nilikosimama, kuanzia kwa mama wa chai wa Salgaa mpaka kwa vijana wa boda boda wa Ahero. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka, na hata wazazi wao hawakuwa wamezaliwa. Mwaka huu uliimbwa na watu wazima wakilia. Nani atauweka kwenye orodha ya 2025? Hakuna, kwa sababu haukutoka 2025.

Wa pili ninautoa kwetu Kakamega. Kuna upigaji wa gita unaoitwa omutibo: kidole gumba kinashika besi, kidole cha shahada kinaenda na sauti ya juu, na pembeni kuna mtu anagonga chupa ya Fanta kwa kipande cha chuma. Aliyeutangaza kuliko wengine ni George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Sauti yake bado inarudi Jumapili mchana kwenye vipindi vya zilizopendwa, na wimbo wake wa Sengula nimeukuta hata kwenye flashi za madereva wasio Waluhya. Turniboi wangu ni kijana wa arbantone, muziki wa vijana wa siku hizi. Mwanzoni alikuwa akivumilia tu. Siku moja, tukiwa tumepita Turbo, akaniambia, "Dere, rudisha hiyo ya chupa." Nikarudisha. Akachukua chupa tupu ya soda miguuni mwake, akaanza kutafuta mdundo kwa spana ndogo, na tukaenda hivyo mpaka Webuye. Baadaye akanieleza jambo ambalo sikulijua: kwamba hata hiyo arbantone yake hujengwa juu ya midundo ya nyimbo zilizovuma zamani, zile za miaka ya 2000 ambazo mimi nilizicheza nikiwa kijana kama yeye. Tangu siku hiyo tunapeana zamu, wimbo wake mmoja, wangu mmoja, na kila mmoja analazimika kueleza kwa nini amechagua huo. Nimejifunza kusikiliza besi ya arbantone, ambayo kwenye spika nzuri ina kazi kubwa kuliko maneno. Naye sasa anamjua Daudi Kabaka na anajua kwamba tuisti ya Kiafrika ilichezwa kabla ya babake kuzaliwa.

Wa tatu ni D. O. Misiani wa Shirati Jazz, aliyezaliwa upande wa Tanzania akaifanya benga iwe muziki wa ziwa lote. Alikufa ajalini hapo Kisumu mwezi wa Mei mwaka 2006. Sisi watu wa usukani jambo kama hilo hatulipiti hivi hivi. Nikikaribia Kisumu ninaweka benga yake, napunguza mwendo, na gita lile la mwisho linalokimbia peke yake baada ya waimbaji kunyamaza linanitosha mpaka niegeshe.

Kwenye filamu nitakuwa mfupi, maana dereva haoni filamu nyingi akiwa macho. Malaba kuna vibanda vya video, na humo wengi wetu tunaangalia filamu zilizosimuliwa na DJ Afro. Watu wa jijini hudharau kazi hiyo. Mimi siidharau. Mtu amekaa foleni tangu asubuhi, karatasi zake ziko kwa karani wa forodha, hataki kusoma maandishi madogo chini ya skrini. Anataka kusimuliwa, kama nyanya alivyotusimulia. Msimuliaji yule anajua wakati wa kunyamaza ili tusikie kofi, anajua kumpa adui jina litakalokaa kichwani, na anajua steringi, yaani shujaa wa filamu, akiumia watazamaji wanahitaji neno moja la kuwatuliza. Hiyo ni sanaa ya Kiswahili, imesikika kila kijiji chenye jenereta, na katika kurasa za mwaka sijawahi kuona hata sentensi moja juu yake.

Filamu niliyoirudia mwaka huu ni Nawi, ya msichana wa Turkana aliyefanya vizuri kwenye mtihani na baba yake akataka kumwoza kwa mifugo. Ilitoka 2024, na ndiyo Kenya iliyoipeleka kuwania Oscar. Aliyeanzisha kisa hicho, Milcah Cherotich, alikiandika kwa shindano la hadithi, na mwigizaji mkuu, Michelle Lemuya Ikeny, ni msichana wa huko huko. Niliiona mara ya kwanza kwenye simu na mara ya pili pamoja na mke wangu na binti yangu. Nimewahi kupeleka mzigo Lodwar kupitia Kitale na Kapenguria. Najua jua lile, najua vumbi lile linavyoingia mpaka kwenye kikombe kilichofunikwa, na nilipoona msichana yule anatembea peke yake kwenye ardhi ile mikono yangu ilishikana yenyewe. Binti yangu hakusema chochote mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Baba, ng'ombe wangapi wangekutosha?" Nikamjibu kwamba hakuna hesabu hiyo duniani. Filamu ikifanya baba na binti wazungumze hivyo mezani, mimi sihitaji kujua iliuza tiketi ngapi.

Sasa nije kwenye michezo, ambako nina maneno mengi.

Kuna mchezo ambao haumo kwenye orodha yoyote na ndio unaochezwa kuliko mingine yote kwenye barabara ya Malaba: drafti. Ubao ni kipande cha plaiwudi kilichochorwa kwa kalamu ya rangi, kete ni vizibo vya soda, wa upande mmoja wamevilaza chali, wa upande mwingine kifudifudi. Kizibo kikifika mwisho kinawekwa kingine juu yake, hicho ni kingi. Foleni ya mpakani inapokuwa ndefu, madereva wa Kenya, Uganda, Rwanda, Kongo na Sudan Kusini wanakutana chini ya kivuli cha trela moja. Kabla ya kuanza lazima tukubaliane sheria, kwa sababu kila mtu anakuja na ya kwao: je, kingi anaruka ubao mzima au anakwenda hatua moja? Je, ukiona kete ya kula ukaiacha, unaondolewa yako? Nimeona watu wasio na lugha ya pamoja wakimaliza mjadala huo kwa vidole tu, wakacheza mpaka giza, wakaagana kwa kushikana mikono. Tunawajua wachezaji wazuri kwa namba za magari yao. Kuna mzee mmoja, dereva wa tangi, ambaye huwaza hatua nne mbele na hatoi neno. Akifika, vijana husimama kumpisha. Sidhani kama kuna mchezaji wa gemu wa kulipwa anayeheshimiwa kuliko yeye pale.

Wa pili ni wa mpwa wangu. Mtoto huyo wa dada yangu alimaliza shule, anasubiri nafasi ya chuo, na saa zake nyingi zinaishia kwenye simu na kwenye kibanda cha PlayStation karibu na kwetu. Agosti, timu yetu ya taifa ya soka, Harambee Stars, walipokuwa wakicheza mashindano ya Afrika ya CHAN Kasarani, kibanda kile kilikuwa kikifungwa wakati wa mechi na kufunguliwa filimbi ya mwisho ikilia. Siku tulipotolewa na Madagascar kwa penalti, vijana walirudi kwenye skrini wakapigana penalti wao kwa wao usiku kucha, wakiwa na timu za Ulaya. Sikuwalaumu. Walikuwa wanaitafuta njia ya kuimaliza ile mechi.

Lakini gemu iliyonikalisha mimi chini ni ya mabasi, ile iitwayo Bus Simulator Indonesia. Imetengenezwa na watu wa Indonesia kwa barabara za kwao, na vijana wetu wameipaka mabasi yake rangi za mabasi ya Kenya. Mpwa wangu alikuja nayo akaniambia, "Anko, hebu kaa uendeshe, uone kama ni rahisi." Nikakaa. Mtoto anageuza simu kulia na kushoto, basi linakata kona, honi inapiga wimbo, abiria wanapanda. Nilivutiwa kabisa. Waliotengeneza wameketi kwenye basi, hilo linaonekana. Wanajua kwamba mkia hautembei pale kichwa kilipopita, kwamba kona lazima uifungue mapema. Nikaendesha mpaka chai ikapoa.

Nilipomrudishia simu nikaanza kumhesabia visivyokuwamo, naye akaanza kuandika, na tangu siku hiyo wazo hilo halijaniacha: gemu ya barabara yetu. Ndani yake kuwe na mizani ya Gilgil na ya Webuye, na kijana ajue kwamba trela la ekseli saba, yaani mihimili saba ya magurudumu, lisizidi tani 56, na kwamba mzigo ukikaa vibaya ekseli moja inaweza kukukamatisha hata kama jumla ni halali. Kuwe na ukungu wa Timboroa na lori lililoharibika bila alama, matawi tu yametandazwa barabarani. Wauza viazi na karoti wanakimbilia dirisha. Boda boda bila taa. Foleni ya Malaba. Na zaidi ya yote kuwe na mteremko wa Sachangwan kuja Salgaa. Pale dereva mwenye tamaa ya kuokoa dizeli huitoa gia akaiachia gari fri. Injini haizuii tena chochote, kazi yote inabebwa na breki, breki zinapata moto, na zikishapata moto hazishiki hata ukikanyaga mpaka chini. Karibu na hapo, Migaa, Desemba 31, 2017, watu 36 walikufa basi na lori vilipogongana. Baada ya hapo ndipo ukuta wa kutenganisha magari ulipojengwa. Kijana anayeweza kulisikia lori likimtoroka kwenye simu, akajifunza kushuka kwa gia ya chini kabla mteremko haujaanza, huyo akija kushika usukani wa kweli atakuwa ameanza mbele yangu mimi nilivyoanza. Nakuru, Eldoret na Kisumu kuna vijana waliosomea kompyuta ambao wanakaa bure. Gemu hiyo wanaweza kuitengeneza, na sisi madereva tutawapa maelezo yote bila malipo.

Wala watu wasiseme Kiswahili hakina pa kukaa kwenye gemu. Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha kwamba wimbo wa kufungulia gemu moja ya kompyuta ya mwaka 2005, Civilization IV, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mtunzi ni Mmarekani, Christopher Tin, na wimbo huo, Baba Yetu, ulishinda tuzo ya Grammy mwaka 2011, ukiwa wa kwanza uliotoka kwenye gemu kufanya hivyo. Niliupiga kwenye lori. Turniboi alidhani ni kwaya ya kanisa la kwao. Mama yangu niliupiga akiwa jikoni Khwisero, akauimba wote bila kujua umetoka wapi, akauliza tu kwa nini wana haraka hivyo. Dunia nzima imeisikia lugha yetu kwenye mchezo uliotengenezwa na wengine. Ningependa kuisikia kwenye mmoja uliotengenezwa na sisi.

Nimekuja kwenye vitabu, na hapa, Mhariri, ndipo nina shida kubwa zaidi na kurasa zenu.

Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Mei 28 mwaka huu huko Marekani, akiwa na umri wa miaka 87. Niliyosoma magazetini juma lile yalihusu Nobel ambayo hakupewa, kufungwa kwake, na ugomvi wake na serikali. Yote ni haki. Lakini nilitaka mtu aniambie nisome nini usiku huo, kwa Kiswahili, na sikumpata. Nikaenda kwa muuza vitabu vya mitumba hapa mjini Nakuru, yule anayetandaza turubai kando ya barabara, na nikamwambia anitafutie. Aliniwekea Shetani Msalabani. Nimekisoma mwaka huu mwanzo hadi mwisho, kisha nikakirudia nusu ya kwanza, na ndicho kitabu changu cha mwaka ingawa kwa Kiswahili kilitoka 1982. Alikiandika kwa Kikuyu akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, kwenye karatasi za chooni.

Kwa nini dereva akipende? Kwa sababu sehemu kubwa ya mwanzo ni watu ndani ya matatu usiku, wakitoka Nairobi kwenda Ilmorog, katika gari kuukuu la dereva aitwaye Mwaura. Abiria hawajuani. Wanaanza na nauli, wanafika kwenye nchi. Mmoja anasema jambo, mwingine ananyamaza kwa hofu, wa tatu anaongea kwa sababu giza limemficha. Mimi nilianza kazi nikiwa makanga, na ninawaambia kwamba hakuna mwandishi mwingine niliyemsoma aliyesikia matatu kama yule. Anajua kwamba dereva husikia kila kitu na hujifanya anatazama barabara. Sehemu ya pango, pale wezi wanaposhindana kujisifu, ni ndefu, nilikuwa nikiiacha na kuirudia, na nadhani ingeweza kupunguzwa. Hata hivyo majisifu ya wale watu nimeyasikia kwa masikio yangu hotelini, mwaka huu huu, karibu neno kwa neno.

Kitabu cha pili nilikipata kwa binti yangu, ambaye ni mtahiniwa wa kidato cha nne: Nguu za Jadi, riwaya ya Clara Momanyi. Alikuwa akiniazima wikendi kwa masharti. "Baba, usinikunjie kurasa, na usinywe chai ukikisoma." Ni hadithi ya nchi ya Matuo, ambako Waketwa na Wakule wamechonganishwa na wakubwa, watu wanafukuzwa kwenye ardhi yao, na mwanamke mmoja, Mangwasha, anakataa kunyamaza. Likizo ya Aprili niliruhusiwa kukibeba safarini, nikakimalizia kabini nikiwa nimeegesha Burnt Forest. Mimi niliishi Kaptembwo Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Tulichokiona hapo sitakiandika kwenye barua ya gazeti. Nilimaliza kurasa zile za watu kukimbia na vitoto mgongoni, nikazima taa, na ilichukua muda kabla sijaweza kulala. Nilipofika nyumbani nilimweleza binti yangu, kwa mara ya kwanza, yale mama yake na mimi tuliyapitia mwaka ule. Alikuwa akijiandaa kujibu maswali ya dhamira na wahusika. Hakujua kwamba wahusika wengine ndio waliompa chakula asubuhi hiyo.

Na sasa angalieni jinsi kitabu hicho kinavyoandikwa kwenye magazeti ya Kiswahili. Kinaandikwa kama mwongozo wa mtihani: swali, alama ishirini, majibu. Kazi hiyo inasaidia watoto, siipingi, hata nimewahi kukata kurasa hizo nikampelekea. Lakini riwaya ya Kiswahili inayosomwa na maelfu ya nyumba nchini haijawahi kupata, katika yote niliyosoma, ukurasa mmoja ambapo mtu mzima anasema, nimeisoma, imenifanya hivi, hapa imenikwaza. Vitabu teule, yaani vile vya mtihani, ndivyo vitabu pekee vya Kiswahili vinavyofika Kaptembwo, Kondele, Lurambi na Kanduyi kwa hakika, kwa sababu mzazi analazimika kuvinunua. Vikishafika, wazazi wanavisoma. Nawajua. Mama mmoja muuza mboga, jirani yetu, amekisoma hicho hicho kabla ya mwanawe, na anamchukia Mtemi Lesulia kama mtu anayemdai. Mwulizeni kitabu chake cha mwaka.

Naongeza mchezo wa kuigiza, kwa ufupi, kwa sababu ulitokea hapa kwetu. Aprili 10 wasichana wa shule ya Butere waliletwa Nakuru, Kirobon, kwa tamasha la kitaifa la drama, wakiwa na mchezo wa Echoes of War, baada ya mahakama kuamuru wasizuiwe. Waliimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani bila kuigiza, na nje watu walirushiwa vitoa machozi. Katika vituo vyote vya chai nilivyosimama mwezi ule, hakuna kazi ya sanaa iliyozungumzwa zaidi. Watu ambao hawajawahi kuingia ukumbi wa maigizo walikuwa wakibishana juu ya maana yake. Mimi sikuuona, kwa hiyo sina hukumu juu ya uigizaji wala maandishi. Ninachojua ni kwamba orodha ya mwaka itakayokosa kuutaja itakuwa imeruka mwezi mzima wa maisha yetu.

Ombi langu linatekelezeka. Desemba hii, kabla hamjachapisha orodha, fungueni ukurasa mmoja kwa barua fupi za wasomaji, kila mji na sauti zake: Nakuru, Eldoret, Kitale, Bungoma, Kakamega, Kisumu. Swali liwe moja tu, ni wimbo, filamu, mchezo au kitabu gani ulikirudia mwaka huu, na kwa nini. Msiweke sharti la mwaka wa kutoka. Mkipata majibu mengi ya Kikalenjin, Kiluhya au Kijaluo, tafuteni wa kuyaeleza kwa Kiswahili, maana wengi wetu tunavisikia vituo hivyo bila kujua nani anaimba. Na katika safu ya vitabu, miongozo ya mtihani ibaki mahali pake, lakini wekeni pembeni yake nafasi ya aya mbili au tatu kwa msomaji ambaye hafanyi mtihani. Muuza mboga wetu yuko tayari kuandika ya kwanza. Nimeshamuuliza.

Dereva wa masafa marefu,
Kaptembwo, Nakuru